Kitochi au simujanja? Nimeishi na zote mbili, ushauri wangu huu hapa

Kampeni zikishaanza tu huwa napata meseji za watu wanaouliza kitu kilekile: wamechoka, simu haikai kimya, magrupu yanawaka moto mpaka saa nane usiku, sasa wanataka kujua kama waweke simujanja pembeni warudi kwenye kitochi. Ni swali zuri na halijibiki kwa mstari mmoja. Mimi nimekaa miezi nane na kitochi peke yake, nikarudi kwenye simujanja, na sasa hivi ninazo zote mbili na kila moja ina kazi yake, kwa hiyo nitazilinganisha vile nilivyoziishi.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema kitochi naongelea simu ya vitufe, ile wengine wanaiita kiswaswadu na wengine mulika mwizi, inapiga, inapokea, inatuma meseji, ina redio na tochi basi. Mfalme wa hizi ni Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 ikauzwa zaidi ya milioni 250 dunia nzima. Simujanja ni hizi za kugusa kioo zilizoanza kushika dunia baada ya iPhone kutoka mwaka 2007 na simu ya kwanza ya Android mwaka 2008. Kuna na kundi la katikati, vitochi vyenye intaneti kidogo, hilo linachanganya sana watu na nitaligusa huko mbele.

Kilichonitoa mimi kwenye simujanja ni ugomvi. Kwenye grupu letu la familia mtu alirusha video ya watu wanapigana vibaya sana, maneno ya chini yanasema imetokea jana kwenye mkutano wa chama ninachokipenda, wameshambuliwa na wafuasi wa chama kile kingine. Sikufikiria hata dakika moja, nikaifowadi kwenye magrupu mengine matatu nikaongeza na maneno yangu makali, shemeji yangu, mume wa dada, akajibu na yeye kwa makali yake, mimi nikapandisha, yeye akapandisha, tukaishia kutukanana mbele ya wazazi wetu na watoto wetu wote wanasoma. Siku mbili baadae mdogo wangu akaifuatilia ile video akakuta ni ya miaka mingi nyuma na wala sio ya nchi yetu. Shemeji alikaa miezi hajakanyaga kwangu. Iliniuma na bado nikikumbuka inaniuma, wiki ileile nikanunua kitochi.

Habari na siasa

Hapa ndo penye tofauti kubwa kuliko pengine pote kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simujanja inakuletea habari kwa kasi lakini haichagui ya kweli na ya uongo, na mbaya zaidi uongo unakimbia kuliko kweli. Hili limepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science kazi yao waliyofuatilia habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakakuta habari ya uongo ina uwezekano zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na kweli inachukua muda kama mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Na habari za uongo za siasa ndo zilikuwa zinakimbia kushinda zote. Kilichonishtua ni kwamba roboti, yaani akaunti zinazojiendesha zenyewe, hazikuwa sababu ya hiyo tofauti, maana roboti zilisukuma kweli na uongo sawasawa, tofauti ilitoka kwa watu wenyewe, watu kama mimi niliyebonyeza bila kufikiria.

WhatsApp wenyewe waliliona. Mwaka 2018 wakaanza kuweka alama kwenye meseji iliyofowadiwa, Januari 2019 wakabana dunia nzima usiweze kufowadi kwa zaidi ya chati tano kwa mpigo, na Aprili 2020 wakaongeza kwamba meseji iliyopita mikono mingi sana unaifowadi kwa chati moja tu. Ile alama ya mishale miwili unayoiona juu ya meseji ndo hiyo, inakwambia kitu hiki kimetoka mbali na aliyekutumia sio aliyekiandika. Ukibaki na simujanja naomba uizoee hiyo mishale kama unavyozoea taa nyekundu barabarani. Lingine ambalo watu hawalifikirii, meseji za WhatsApp toka 2016 zimefungwa kwa usimbaji kuanzia kwako mpaka kwa unayemtumia, hakuna wa katikati anayesoma, jambo zuri kwa siri zako, lakini maana yake pia hakuna wa katikati atakayekwambia huu ni uzushi. Mkaguzi ni wewe peke yako, tena saa nane usiku ukiwa na hasira.

Kitochi kikoje sasa? Kina redio. Hakihitaji bando, taarifa ya habari ina saa yake, inasomwa na mtu anayejulikana kwa jina, na ikiisha imeisha unaendelea na maisha. Kwenye ile miezi nane nilikuwa nasikiliza taarifa mara mbili kwa siku na sikukosa jambo lolote kubwa la siasa, hata moja. Nilichokosa ni mabishano juu ya mambo ambayo keshokutwa yake hakuna aliyeyakumbuka. Meseji ya kawaida ina herufi 160, huwezi kutukana vizuri kwa herufi 160 kwa vitufe vya kubonyeza mara tatutatu, mpaka umalize kuandika hasira imeshapungua, na naliongea hili kwa uzito wote kwa sababu nimeliona likitokea kwangu.

Lakini tusidanganyane kwamba redio ni salama kwa sababu ni redio. RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo mwaka 1993 na mwaka uliofuata ilitumika kuchochea mauaji ya kimbari, mpaka mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ikawahukumu waanzilishi wake mwaka 2003. Wasikilizaji hawakuwa na simujanja hata mmoja. Na magazeti nayo yanakosea, Chicago Daily Tribune mwaka 1948 waliwahi kuchapa kichwa cha habari kwamba Dewey amemshinda Truman kwenye urais wa Marekani, kumbe Truman ndo aliyeshinda, akapigwa picha amelishika gazeti anatabasamu. Kwa hiyo ukihamia kwenye kitochi halafu ukawa na stesheni moja tu na hiyo stesheni ina mwenye nayo anayetaka usikie upande mmoja, umetoka kwenye kelele umeingia kwenye giza. Weka stesheni mbili au tatu zenye wamiliki tofauti kabisa.

Na kuna kitu ambacho kitochi hakikiwezi kabisa, ushahidi. Mei 2020 George Floyd alipouawa na polisi kule Minneapolis, Marekani, taarifa ya kwanza ya polisi iliongelea tatizo la kiafya wakati wa kukamatwa. Dunia ilijua kilichotokea kwa sababu binti wa miaka 17 aliyekuwa pale alishika simujanja yake akarekodi mpaka mwisho. Mtu anayekwenda kusimamia kura, mwandishi, mwanaharakati, hata mwananchi wa kawaida anayeishi sehemu ambayo wenye nguvu wanapenda kukanusha, huyo simwambii abaki na kitochi. Na hata ule uongo wangu wa kwenye grupu, mdogo wangu aliukamata kwa simujanja, alichukua picha moja kutoka kwenye ile video akaitafuta mtandaoni ikamletea ilikotokea kwanza. Kitochi kingenizuia nisiisambaze lakini kisingenionyesha kwamba ni ya uongo.

Kwa hiyo kwenye habari mimi nasema hivi: kama kazi yako ni kupokea tu habari na kupiga kura yako, kitochi kinakutosha na kichwa kitatulia. Kama wewe ni wa kuthibitisha au kushuhudia, bakia na simujanja ila ujifunze kuitumia kwa hiyo kazi.

Muda na usingizi

Hapa kitochi kinashinda na sioni haja ya kuzunguka. Kule kushuka chini kwenye ukurasa bila kufika mwisho kulibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, na yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anajutia. Zamani ukurasa ulikuwa unaisha, unabonyeza ukurasa wa pili, pale katikati akili inapata nafasi ya kujiuliza naendelea au nalala. Walipoiondoa hiyo nafasi wameondoa na swali lenyewe.

Wiki mbili za kwanza na kitochi zilikuwa ngumu, mkono unaenda mfukoni wenyewe, unatoa simu, unaangalia saa, unarudisha, dakika mbili unatoa tena. Ukiwa kwenye foleni hujui uangalie wapi. Wiki ya tatu ikaanza kutulia. Nikaanza kulala saa nne, nikaanza kumaliza vitabu, na jambo ambalo sikulitegemea, nikaanza kukumbuka mambo waliyoniambia watu, maana nilikuwa nawasikiliza nikiwa nawaangalia usoni.

Ila nimeona pia binamu yangu akifanya hivyohivyo na akashindwa, alichukua kitochi, usiku akahamia kwenye televisheni mpaka saa saba. Kama mwili wako umezoea kuliwazwa na kioo utautafuta kioo kingine. Kwa hiyo kabla ya kubadili simu jua utakachoweka pale ulipotoa, kitabu, mazoezi, mazungumzo, ufundi wowote wa mikono, chochote lakini kiwepo.

Wanaobaki na simujanja huwa wananiambia si kuna vile vipimo vya muda. Ndio vipo, Apple na Google wote walivileta 2018, vinakuonyesha umetumia masaa mangapi na unaweza kuweka ukomo kwa kila apu. Mimi havikunisaidia sana kwa sababu ukomo ukifika kuna kitufe pale pale cha kuupuuza, na anayekibonyeza ni yule yule aliyechoka na asiyetaka kulala. Kilichonisaidia ni kuilaza simu chumba kingine na kuamshwa na alamu ya kitochi. Kuzima notifikesheni zote isipokuwa za kupigiwa nako kunasaidia sana, hilo lifanye leo hata kama hununui kitu.

Usalama na siri zako

Watu wengi wanaamini kitochi ni cha siri. Sio kweli kabisa na naomba hili ulielewe vizuri kabla hujafanya uamuzi kwa sababu hiyo.

Meseji za kawaida na simu unazopiga zinapita kwa kampuni ya mtandao bila ule usimbaji wa kukulinda mpaka mwisho, kampuni inaweza kuziona na akija mwenye amri ya kuzitaka anaweza kuzipata. Minara inajua uko wapi, kitochi au sio kitochi, maana bila kujua uko mnara gani simu haiwezi kukufikia. Na simu ya 2G, ule mtandao wa zamani ambao vitochi vingi vinautumia, ina udhaifu wa toka ilipozaliwa: mnara unahakiki laini yako lakini simu yako haiwezi kuhakiki mnara, kwa hiyo mtu mwenye kifaa cha kujifanya mnara anaweza kuivuta simu yako kwake. Ndo maana Android toka toleo la 12 la mwaka 2021 wameweka sehemu ya kuzima 2G kwenye baadhi ya simu. Kama unaongea mambo nyeti, iwe ya siasa, ya kazi au ya ndoa yako, apu yenye usimbaji kwenye simujanja iliyosasishwa inakulinda maneno yako kuliko kitochi chochote.

Upande wa pili, simujanja inavuja kwa njia nyingine. Mwaka 2018 ndo ilijulikana kwamba taarifa za watumiaji wa Facebook wanaofika milioni 87 ziliangukia mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya kutengeneza kampeni za siasa, na chanzo kilikuwa apu ya maswali ya kujipima tabia. Wengi wao hawakujibu hayo maswali hata, marafiki zao ndo waliojibu. Mwaka uliofuata Facebook walipigwa faini ya dola bilioni 5 Marekani. Kitochi hakina hiyo habari, hakijui unapenda nini, hakijui umekaa sekunde ngapi ukiangalia picha ya mgombea gani.

Na simujanja mbaya kuliko zote ni ile ya zamani isiyopata masasisho tena. Kuna simu za bei ya juu siku hizi zinaahidiwa miaka saba ya masasisho, Pixel 8 ya 2023 na Galaxy S24 ya 2024 ni mfano, lakini nyingi za bei ya chini ni miaka miwili au mitatu na baada ya hapo matundu yanabaki wazi. Mtu mwenye simujanja ya namna hiyo iliyojaa apu za kupakua pakua ovyo, tena ina benki humo ndani, huyo kitochi kingemfaa zaidi kwa mambo ya hela.

Matapeli wapo pote pale. Kubadilishiwa laini na mwizi anayejifanya wewe kunakupata uwe na simu yoyote, kwa sababu shida iko kwa anayetoa laini. Na usifikiri akili bandia inawahusu wenye simujanja tu. Januari 2024 kule New Hampshire, Marekani, wapiga kura walipigiwa simu za kawaida kabisa, sauti inafanana na ya Joe Biden, inawaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Haikuwa Biden, ilikuwa sauti ya kutengenezwa, na mtu aliyepanga huo mchezo alipigwa faini ya dola milioni 6. Ile simu ingeweza kuita kwenye kitochi chako vilevile. Ukipigiwa na sauti unayoijua ikakuomba hela au ikakwambia jambo zito, kata, piga wewe kwa namba uliyoihifadhi.

Kazi, familia na mambo madogo madogo

Kazi sitaiongelea sana kwa sababu haina mjadala. Kama bosi anatuma kazi kwenye grupu, kama wateja wanakupata kwenye mitandao, kama unategemea ramani kufika sehemu, kitochi kitakukosesha riziki. Usije ukamsikiliza mtu anayekwambia uachane nayo kabisa wakati yeye ana kompyuta mezani siku nzima, hilo nimeliona sana.

Familia ndo iko pande zote mbili. Nilikosa picha za mtoto wa dada alipozaliwa, nikaziona baada ya wiki. Nilikosa taarifa ya kikao cha wazazi shuleni kwa sababu iliwekwa kwenye grupu tu, na mwalimu akaona simjali mwanangu, nikajisikia vibaya sana. Watu wanakasirika pia, wanasema unajitenga, unaringa, mpaka uwaeleze. Lakini mama yangu nilikuwa namtumia vikatuni na sauti za sekunde kumi, nilipokuwa na kitochi ikabidi nimpigie, na nikimpigia tunaongea nusu saa, akanieleza mambo ya ujana wake ambayo sikuwahi kuyasikia. Na shemeji nilimpigia kutoka kwenye kitochi hichohicho. Kama ningekuwa na simujanja ningemwandikia ujumbe mrefu wa kujitetea wenye samahani moja ndani yake. Nilipopiga alinyamaza kwanza, nikasikia anapumua, nikamwambia shemeji nilikosea, video ilikuwa ya uongo na maneno yangu yalikuwa mabaya kuliko hiyo video, akasema na yeye alikosea. Tuliongea dakika kama kumi na tano, mwishoni akaniuliza watoto hawajambo.

Chaji haina ushindani, kitochi chenye betri ndogo ya mAh 1,000 hivi kinakaa siku nne tano wakati simujanja ya mAh 5,000 inaomba umeme kila jioni. Kikianguka unakiokota unaendelea.

Hatari ambayo muuzaji hatakwambia

Kabla ya kununua kitochi uliza kinatumia mtandao gani, maana nchi kadhaa zimeshazima 2G. Telstra ya Australia walizima mwishoni mwa 2016, AT&T ya Marekani mwanzoni mwa 2017, na ilipofika 2022 Marekani hata 3G wakazima. Kitochi cha 2G kwenye sehemu ya namna hiyo kinabaki kuwa tochi kweli. Kwako 2G inaweza kuwa bado ipo na ina nguvu, ila kama unanunua kipya ukae nacho muda mrefu chukua cha 4G kinachopiga simu kupitia 4G yenyewe, ambayo huandikwa VoLTE kwenye boksi. Kuwa na 4G ya intaneti tu haitoshi.

Na lile kundi la katikati nililosema, vitochi vyenye mfumo unaoitwa KaiOS, vilikuja miaka ya 2017 na kuendelea, vikaanza kupata WhatsApp 2018, watu wakavipenda sana. Mwaka 2024 WhatsApp wakaacha kupokea usajili mpya kwenye hizo simu na baadae huduma yenyewe ikafika mwisho. Muuzaji akikwambia chukua hiki kina WhatsApp, mwambie aiwashe uone. Mimi binafsi hata kingekuwa nayo nisingekishauri, kina kelele za simujanja bila faida zake, huwezi hata kutafuta picha imetoka wapi.

Sasa nani achukue nini

Kama shida yako ni siasa kukuharibia ndugu, au usiku unaisha mkononi, na kazi yako haiishi kwenye simu, chukua kitochi, kaa nacho walau miezi mitatu, na waambie watu wako mapema kwamba atakayekutaka akupigie. Usiondoke kwenye magrupu kimyakimya, andika sentensi mbili za heshima ndo uondoke, vinginevyo wataanza kutunga sababu wenyewe.

Mzazi mzee ambaye kila siku anakuuliza hii habari ni kweli, usimnyang'anye simujanja. Wengi wanafanya hivyo wakidhani wanamlinda, kumbe ile video ya wajukuu ndo furaha yake ya siku. Mwekee kitochi kwa laini ya benki, na kwenye simujanja mfundishe mishale miwili na kwamba kabla ya kufowadi akupigie kwanza. Mama yangu sasa ananipigia kila mara, na mara nyingi anakuwa ameshagundua mwenyewe kabla sijajibu.

Mwanafunzi anayekaribia mtihani, kitochi, bila mjadala, na vitabu vya mtandaoni avisome kwenye kompyuta mbele ya watu wengine. Mwandishi, msimamizi wa kura, mtu mwenye mazungumzo nyeti, simujanja inayopata masasisho, apu chache, 2G imezimwa kama simu inaruhusu, na nywila ya herufi sio alama ya kidole peke yake.

Mimi niko hivi: laini yangu kuu ya kupigiwa iko kwenye kitochi na ndo kinachotembea na mimi. Simujanja inakaa mezani nyumbani, naiwasha data saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili, najibu watu, naangalia picha, nathibitisha nililolisikia redioni kama linanitatiza, nazima. Siku za kazi zenye safari naibeba kwa ajili ya ramani. Kipindi cha kampeni natoka kwenye magrupu ya siasa yote mpaka matokeo yatangazwe, na shemeji naye sasa anafanya hivyo, tukitaka kubishana tunapigiana simu.

Kama bado hujaamua usinunue kitu kwanza. Zima data siku saba mfululizo kwenye hiyo simujanja yako, ibaki kupiga na meseji tu, halafu kila ukijikuta unataka kuiwasha andika kwenye karatasi ulitaka kufanya nini. Ukiona karatasi imejaa kazi, wateja na mwanao shuleni, bakia na simujanja upunguze apu. Ukiona imejaa kuangalia tu kuna nini, nenda dukani na laini yako mwenyewe, iweke kwenye kitochi unachokitaka, mpigie mtu ukiwa palepale kabla hujalipa, na umwombe na yeye akupigie, uhakikishe mnasikilizana pande zote mbili.